Mjane Aliyeoa Katika Sura ya Tisa

Chelangat hakujua kukaa. Ukimpa kiti alikaa ukingoni, mguu mmoja nje, kama mtu aliyeacha maziwa mekoni. Hata kuandika aliandika akiwa amesimama, daftari likiwa juu ya ukuta mfupi wa kituo cha kununulia majani ya chai, ambacho wenyewe tulikiita baying. Mimi niliyekuwa nikizipiga zile kurasa kwa taipureta niliweza kujua siku ambayo lori la kiwanda lilichelewa, kwa sababu siku hiyo mwandiko ulitulia kidogo. Lori likiwahi, herufi zilitimua mbio nami nikabaki kukisia.

Jina langu ni Amondi. Baba yangu, Ojwang, alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaja kuchuma chai katika shamba moja la kampuni huku Kimulot, nami nikazaliwa laini, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari. Mwaka wa 1995 nilikuwa mpiga taipu wa ofisi ya shamba hilo. Chelangat alikaa ng'ambo ya kijito, upande wa wenye mashamba yao wenyewe. Baba yake, Bethwel, alikuwa na chai, ng'ombe wa gredi watatu, na kiti cha mzee wa kanisa. Tulisoma shule moja mpaka kidato cha tatu, ndipo Chelangat akapata mimba. Akajifungua mtoto wa kiume, Noah, akamwachia mama yake, akarudi kumaliza kidato cha nne katika shule nyingine ambako hakuna aliyemjua. Alipita. Tangu hapo alikuwa nyumbani akichuma chai ya baba yake na kungoja barua ya chuo cha walimu, na kungoja ndicho kitu alichokuwa hakiwezi kabisa.

Mimi ndiye niliyemletea kitabu. Ofisi yetu ilikuwa na stoo iliyojaa vitu vya klabu ya Wazungu wa zamani, na siku moja tuliagizwa tuchome karatasi kuukuu. Nikakuta riwaya moja nene ya Kiingereza, ya karne iliyopita, jalada limeng'oka na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, hata jina lake halikuonekana. Wiki hiyo hiyo gazeti la ofisini lilikuwa na tangazo la kampuni moja ya vitabu huko Nairobi. Walitaka hadithi za vijana. Mwandishi achukue riwaya yoyote maarufu ya zamani, aisimulie upya kwa Kiswahili, mambo yake yatokee Kenya kabla ya uhuru. Mwisho wa kutuma ulikuwa Oktoba. Nilikata tangazo, nikalitia ndani ya kile kitabu, nikampelekea Chelangat nikidhani nampa kitu cha kumtuliza. Nilikosea.

Riwaya yenyewe ilihusu mjane mwenye kinu cha kusaga nafaka kando ya mto. Hakuwa na mtoto. Sheria ya kwao ilisema akifa, kinu na ardhi vinakwenda kwa mpwa wa marehemu mumewe, kijana mmoja mvivu aliyekuwa akija kila Jumapili kumwangalia kama amepungua. Mjane akamchukua msichana yatima akae naye, wakapendana kama mama na mwana. Kisha mjane akafa, na msichana akatolewa nje na sanduku lake mvua ikinyesha. Kurasa mia mbili zilizobaki ni za kutembea kwake tu.

Chelangat alikihamisha kisa hicho mpaka Kimulot ya miaka ya thelathini, Wazungu wakikata msitu kupanda chai, wanaume wakichukuliwa kutengeneza barabara, wanawake wakitembea mpaka stesheni ya Fort Ternan kuuza mahindi ili walipe kodi ya kibanda. Kinu kikawa shamba la wimbi na zizi la ng'ombe. Yatima akampa jina la kizamani, Tabutany. Ili asibuni mambo ya uongo, alikwenda kumuuliza Kogo Tecla, yaani Nyanya Tecla, mama mmoja jirani yao aliyekuwa mtoto nyakati hizo. Tecla alimweleza ngozi zilivyovaliwa, punda walivyofungwa mizigo, na jinsi mtoza kodi alivyoingia mpaka jikoni.

Tecla mwenyewe alikuwa mjane, hana mtoto, ana ekari tatu za chai nzuri iliyotunzwa, na Aron, mtoto wa shemeji yake, alikwisha kuanza kupanda miche yake ndani ya mpaka. Hilo nalitaja mapema kwa sababu sisi wawili, pamoja na elimu yetu, hatukulifikiria hata kidogo.

Kila alipomaliza sura Chelangat aliisoma pale kituoni. Wachumaji walifika saa nane, wakamwaga majani yao juu ya meza za mbao yapate hewa, kwa maana yakikaa ndani ya gunia yanapata joto, yanageuka rangi ya kutu, na karani wa mizani anayakataa. Halafu watu walingoja lori. Lingeweza kuja saa tisa, lingeweza kuja saa kumi na moja. Vijana kumi, kumi na watano, walijipanga juu ya ukuta, na Chelangat akawasomea akitembea huku na huku. Mimi nilitoroka ofisini mapema siku za Ijumaa nikaenda kusikiliza. Aliyekuwa mbele siku zote ni Fancy, msichana wa miaka kumi na minane aliyeachia darasa la nane, mtoto mgongoni, akiishi kwa mjomba wake ambako hata kikombe cha chai alipewa kwa manung'uniko. Fancy alisikiliza mdomo wazi, na mtoto akilia alimtikisa bila kumwangalia.

Kwenye sura ya tisa Chelangat alikwama. Alikuja ofisini kwangu saa sita mchana, matope mpaka magotini.

"Amondi, hii kitabu imeniweka kwa kona," alisema. "Huyu mama ako na shamba, ako na ng'ombe. Huyo mpwa anangoja tu akufe achukue kila kitu. Na yeye amekaa tu anashona kitambaa."

"Si ni sheria ya kwao."

"Lakini mimi nimeleta stori huku. Huku nani atakubali hiyo? Wale watu kwa baying watanicheka. Mama kama huyo hapa kwetu angeoa."

Nilikuwa nimelijua neno hilo tangu utotoni, lakini ni vile mtu anavyojua jambo la jirani, juujuu. Wakipsigis, wenyeji wa Kimulot, wanaita kitunji toloch. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mume akiwa amekufa au amezeeka, anaweza kumtolea msichana mahari na kumwoa, awe mke wa nyumba yake. Msichana atazaa na mwanamume mwingine, lakini watoto ni wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la marehemu, na shamba ni lao. Yule mama anahesabiwa kama mume. Toloch ni nguzo ya kuegemeza nyumba isianguke. Kanisa halikuyapenda mambo hayo hadharani, ingawa sijasikia mchungaji aliyemkatalia ubatizo mtoto wa nyumba hizo.

"Basi aoe," nilimwambia. "Kwani nani amekukataza?"

Aliondoka bila kuaga. Baada ya siku tatu aliniletea sura ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja kwa pamoja, na nakiri zilikuwa tamu. Mjane alituma wazee, akatoa ng'ombe, akamleta Tabutany nyumbani. Yule mpwa alipokuja Jumapili alimkuta mke amekaa mlangoni anapepeta wimbi, akageuka akaenda zake na fimbo yake. Pale palikuwa na maneno haya: "Nyumba isiyo na mtoto haijalaaniwa. Ni nyumba inayongoja mtu wa kuiingia." Vijana kituoni walipiga makofi, hata karani wa mizani. Fancy akaomba arudiwe pale Tabutany anapokabidhiwa kibuyu cha maziwa na kuambiwa kuanzia leo ni chako.

Mimi nilikuwa na neno moja tu, na kwa kuwa sijui kunyamaza nililisema. "Huyu Tabutany haongei."

"Aongee nini?"

"Sijui. Mtu anapelekwa kuoana na nyanya ya watu, kurasa hamsini, hana la kusema? Hata ng'ombe wa mahari umewaelezea rangi."

Alinikasirikia siku mbili. Alisema mimi ni mtu wa ziwa, sielewi. Nami nikamwambia wa ziwa ndiye anayekupigia taipu bure, tukaachana hivyo.

Ilikuwa Mei wakati Kogo Tecla alipoanza kupeleka maziwa kwa kina Chelangat, watu wenye ng'ombe watatu wa gredi. Hatukushtuka. Tulidhani anafurahia hadithi, maana alikuwa akija kituoni mwenyewe na kikapu chake na kusimama nyuma ya vijana akisikiliza. Juni, Jumamosi moja asubuhi, nilipeleka kurasa nilizopiga nikamkuta Bethwel sebuleni amevaa koti la kanisa. Wazee wawili walikuwa ndiyo wanatoka, na Tecla mbele yao, kitambaa kipya kichwani. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari ya mama yangu.

Chelangat alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, Noah amemshika sketi.

"Kaa chini, Amondi," Bethwel alisema. "Wewe ni kama mtoto ya hapa. Umeona wageni wetu. Huyu mama ameongea maneno ya heshima. Anataka Chelangat awe mtu wa nyumba yake."

Chelangat alisema, "Baba, mimi nangoja barua ya college."

"Barua." Bethwel alivaa miwani. Akaniomba zile kurasa, akazipekua taratibu mpaka akapata alipopataka, akasoma kwa sauti ile ya kusomea Zaburi. "Nyumba isiyo na mtoto haijalaaniwa. Ni nyumba inayongoja mtu wa kuiingia. Haya ni maneno ya nani?"

"Ni ya kitabu."

"Na kitabu iliandikwa na nani?"

Chelangat alimbeba Noah. Alikuwa amenaswa na mtego alioutega mwenyewe, na sote mle ndani tulijua.

"Mimi sikufukuzi," Bethwel aliendelea, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Lakini ndugu zako wako wanne. Siku wakigawana hii shamba, Noah atasimama wapi? Mtoto amezaliwa nyumbani, hana baba. Kwa Tecla atakuwa mtoto ya boma. Atapata hizo ekari. Wewe unaniambia college. College inapea Noah nini?"

Ningependa kusema mzee alikuwa mkatili, ingekuwa rahisi. Alisema kweli. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi.

Mazungumzo ya mahari, koito, yakawekwa mwezi uliofuata. Siku kumi baadaye barua ya chuo ikafika kwa anwani ya ofisi yetu. Aripoti tarehe kumi na moja Septemba. Mambo yalikuwa wazi sasa: au akakae juu ya ekari tatu za Tecla maisha yake yote, na Noah apate ardhi, au aende, na Noah abaki mjukuu wa nyumbani asiye na fungu. Tangu siku hiyo Chelangat hakutulia mahali. Alitembea mpaka Litein na kurudi bila kununua hata sabuni. Alichuma chai kwa fujo akachanganya majani makuukuu, karani akamrudishia nusu ya kikapu. Alikuja dirishani kwangu mara mbili kwa siku, akasema maneno matatu, akaenda.

Nilimhurumia, lakini hasira zangu huwa zinatangulia huruma. Mimi nilizaliwa Kimulot na sina hata futi moja ya kuzikwa. Tangu vurugu za kikabila za mwaka wa 1992 mama yangu aliweka mkoba uliofungwa chini ya kitanda, nguo za kila mmoja na vyeti, na hakuwahi kuufungua hata tulipohitaji blanketi. Sasa mbele yangu alisimama mtu analia kwa sababu amepewa shamba.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," nilimwambia. "Tabutany ulimwoza kwa furaha, watu wakapiga makofi. Yakikufika wewe unatafuta njia ya kutoroka."

Alifuta uso kwa kiganja. "Ulisema Tabutany haongei," alisema. "Nilikuwa naogopa kumuuliza."

Usiku huo sijui alilala saa ngapi, ila asubuhi alikuwa na sura ya kumi na mbili. Hakuniletea niipige. Alisema ataisoma kwanza.

Ijumaa lori lilichelewa. Tecla alikuwepo, amesimama mahali pake nyuma ya vijana. Fancy hakuwepo, alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Chelangat alisoma akiwa amesimama mahali pamoja. Katika sura hiyo wazee wanamwuliza Tabutany mbele ya watu kama amekubali, kama ilivyo desturi, wakitarajia atainamisha kichwa. Tabutany anainua uso. "Mama," anasema, "umenipenda nami nimekupenda. Lakini umenitafuta niwe nguzo, na nguzo haitoki mahali pake. Mimi nataka kuona reli inapoishia." Kisha anamrudishia mjane kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili na kushuka kuelekea Fort Ternan.

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja alianza kucheka akaacha.

Tecla alingoja zamu yake kwenye mizani. Majani yake yakapimwa, akachukua risiti, akakikung'uta kikapu. Halafu akamsogelea Chelangat, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilisikia.

"Leo umesoma polepole," alisema. "Hiyo ilikuwa yangu."

"Ndiyo, Kogo."

"Ungekuja tu nyumbani uniambie. Mimi mlango yangu iko wazi mchana yote. Nilikuambia mambo ya mama yangu, ya kodi, ya kila kitu, ukaweka kwa kitabu. Haikuwa lazima uniambie hii mbele ya watoto."

Alifunga kitambaa chake vizuri, akaenda. Kesho yake wazee wale wawili wakarudi kwa Bethwel kusema mama ameacha. Bethwel hakumsemesha binti yake mwezi mzima. Alikuwa akimtumia ujumbe kupitia kwa Noah, mtoto wa miaka mitatu, ambaye aliufikisha nusu.

Basi Chelangat alikuwa amepata alichokitaka, na hakukifurahia. Aibu ilimla. Alisema, "Nimekataa vizuri na nimekataa vibaya." Mimi nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, ajifungie sanduku lake aende. Lakini wiki ya mwisho ya Agosti aliniomba nimsindikize kwa Tecla akaombe msamaha, na nikakubali.

Tulimkuta Fancy.

Alikuwa nje ya nyumba ya Tecla anaosha makopo ya maziwa, mtoto wake ameketi juu ya gunia tupu, amevaa sweta jipya. Fancy mwenyewe alivaa lesso safi, nywele zimesukwa. Alituona akasimama, akakausha mikono, akatukaribisha kama mwenye nyumba. Kogo ameenda Litein, alisema, atarudi jioni. Akatuletea chai.

Chelangat aliishika ile chai bila kuinywa. "Fancy, uko hapa tangu lini?"

"Wiki tatu. Nilikuja mwenyewe. Nikamwambia Kogo, kama bado unatafuta mtu, mimi niko. Akaniuliza kama nimefikiria. Nikasema nimefikiria tangu chapter nine."

"Na ile ya mwisho? Ulisikia?"

"Nilisimuliwa."

"Fancy, mimi nilibadilisha. Tabutany alikataa. Alienda zake."

"Naelewa." Fancy hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Alienda kwa sababu wewe mwenye kuandika uko na mahali ya kwenda. Wewe uko na barua ya college. Mimi nilikuwa na nini, Chelangat? Nilikuwa na hiyo chapter nine yako tu."

Akamfuta mtoto pua, akarudi kwenye makopo yake. Aron, mtoto wa shemeji ya Tecla, yule aliyekuwa amepanda miche ya chai hatua nne ndani ya mpaka, alipita njiani na kumsalimia Fancy kwa adabu, kofia mkononi. Miche ilikuwa imeng'olewa. Niliyaona mashimo yake.

Tuliporudi tulitembea mpaka kijitoni. Hapo akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Alisema mtoto wa Fancy ana ekari tatu leo, na wake hana, na aliyeliandika jambo hilo likawa tamu hivyo ni yeye. Kisha akauliza kama alichomfanyia Fancy ni wema au ni ubaya. Sikujua. Nilikasirika kwa kutojua, nikamwambia tutembee haraka mvua inakuja.

Tarehe kumi Septemba aliondoka. Bethwel mwenyewe alimbebea sanduku la bati mpaka barabarani, bila maneno mengi, akamwekea mkono kichwani akamwombea. Noah alilia, halafu akaona lori la kiwanda akaacha. Chelangat alinikabidhi bahasha mbili. Moja ilikuwa na sura ya kumi na mbili niliyokwisha kuisikia. Nyingine ilikuwa na sura ya kumi na mbili nyingine, aliyoiandika baada ya kutoka kwa Tecla, ambamo Tabutany anabaki.

"Nitume ipi?" niliuliza.

"Sijui. Chagua wewe. Mimi siwezi kukaa na hizi vitu tena."

Hivyo ndivyo watu wasiojua kukaa wanavyofanya, wanakuachia wewe mzigo ukae nao. Nilizipiga zote mbili. Mwezi mzima nilizisoma wakati wa chakula cha mchana, na kila nilipoamua ya kwanza nilimwona Fancy na makopo yake, nikiamua ya pili nilimwona Chelangat juu ya ukuta wa kituo. Posta ilikaribia kufunga mwisho wa Oktoba nilipozitia zote ndani ya bahasha ya mswada, sura ya kumi na mbili ya kwanza na ya pili, nikabandika stempu.

Januari mswada ulirudi. Barua ilikuwa ya adabu. Hadithi imewapendeza wasomaji wao, waliandika, hawajaona kitu kama hicho, ila inaonekana pametokea kosa la mpangilio, kwani ina mwisho mara mbili. Mwandishi achague mmoja, aurudishe kabla ya Pasaka, nao watauchapisha. Nilimwandikia Chelangat chuoni siku hiyo hiyo. Nilidhani atajibu kwa furaha. Aliandika mistari miwili: Kwanza nenda uone Fancy anaendeleaje. Usimwambie ni kwa nini.

Nilikwenda. Nilimkuta Fancy katikati ya chai, kikapu mgongoni, mikono ikienda haraka kuliko ya mchumaji yeyote wa laini. Tecla alikuwa barazani na mtoto mapajani, anamlisha viazi. Nilisimama kwenye ukingo wa shamba.

"Uko aje, Fancy?"

"Niko."

"Chelangat anakusalimia. Anauliza habari yako."

Alitupa majani ndani ya kikapu. "Ananiulizia mimi, ama anaulizia kitabu yake?"

Mimi mwenye mdomo wangu wote nikaanza kung'oa magugu ya ukingoni. Fancy alinitazama, akacheka kidogo, akaendelea kuchuma akiongea.

"Mwambie sijui. Siku zingine naamka naangalia hii chai yote naona ni ya mtoto wangu, na Kogo ananiita vizuri, nasikia raha. Siku zingine nasikia lori huko barabara, natamani kujua inaenda wapi ikitoka kiwanda. Siku zingine ni zote mbili kabla ya chai ya saa nne. Nina miezi tano tu hapa." Alifika mwisho wa mstari, akageuka. "Mwambie asimalize haraka. Mimi bado niko ndani."

Nilirudi ofisini nikaingiza karatasi kwenye taipureta. Niliyaandika maneno yake yote kama alivyoyasema, sikusahihisha hata moja, nikampelekea Chelangat.